Mfongo wa Usoni

Chana kipande cha karatasi ya daftari, upana wa tiketi ya daladala. Kibonyeze kwenye paji la uso, hesabu hadi kumi, kisha kiinue kuelekea dirishani. Ukiona doa linalopitisha mwanga, kama lile ambalo kitumbua huliacha kwenye gazeti, hadithi hii ni yako. Usipoliona, isome hivyo hivyo. Huenda mwakani likawepo.

Inaanzia stendi ya Moshi, mwezi wa nne, mvua ya masika ikinyesha tangu alfajiri. Nilikwenda kumpokea binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili katika shule ya bweni, alikuwa anakuja likizo fupi kwa bibi yake Marangu. Wenzake walishuka kwenye basi mbio mbio kujikinga chini ya mabati. Yeye alishuka wa mwisho, kofia ya sweta imemfunika hadi puani.

"Shikamoo mamdogo," akasema akitazama chini. "Naomba usiniangalie."

"Marahaba mwanangu." Nikamwangalia. Paji lote lilikuwa na vipele vidogo vidogo, mashavuni chunusi tatu zimeiva, na uso mzima unang'aa kwa mafuta. Halafu juu ya mng'ao huo, pembeni mwa pua na kidevuni, ngozi ilikuwa inabanduka magamba meupe. Mafuta na ukavu mahali pamoja! Hapo ndipo nilipostuka, maana mara nyingi ngozi haifiki hapo peke yake. Kuna aliyeisukuma.

Tulipita Kiboriloni, tukapita Uchira, na tulipofika Himo tukakata kushoto kuanza kupanda. Kioo cha daladala kilikuwa kimejaa ukungu wa pumzi za abiria, na nadhani ukungu ule ulimpa ujasiri wa kuongea. Alikuwa ananawa uso mara sita kwa siku, kwa sabuni ya mche, hiyo hiyo anayofulia sare. Anasugua kwa dodoki mpaka panauma. Akimaliza, ngozi inakaza na kuonekana imepauka, nanyi mnajua kwetu ilivyo aibu kutoka nje umepauka. Basi anajipaka mafuta ya mgando, mengi. Saa mbili haziishi, uso unang'aa kuliko mwanzo, anarudi bombani. Usiku anapaka limao. Na wiki mbili zilizopita rafiki yake wa bwenini alimmegea krimu kutoka kwenye kikopo kisicho na jina.

"Nina uchafu mamdogo," akaniambia. "Nausugua lakini hautoki."

Neno hilo, uchafu, nimelisikia kwa vijana wengi mno, na kila nikilisikia linaniuma, kwa sababu si kweli.

Mafuta ya usoni unayatengeneza mwenyewe, na mwili unayatengeneza kwa makusudi. Kando ya kila shina la unywele, hata yale ya vinywele laini tunavyoviita malaika, kuna kifuko kidogo sana ndani ya ngozi. Hiyo ni tezi ya mafuta. Usoni zimesongamana, mamia katika kila sentimita moja ya mraba, na nyingine nyingi ziko kichwani, kifuani na mgongoni. Kwenye viganja na nyayo hakuna hata moja, ndiyo maana hujawahi kuona mtu mwenye chunusi kiganjani. Mafuta hupanda kupitia kinyweleo, hutandaa juu ya ngozi, huilainisha na kuzuia maji ya mwili yasipotee ovyo. Mtoto akianza kubalehe, homoni huziamsha tezi hizi. Zinakua, zinafanya kazi usiku na mchana. Ni kwa wavulana na wasichana, watoto wa matajiri na wa maskini, wanaooga sana na wanaokwepa maji. Hakuna kosa lililofanyika.

Lakini kwa nini masika yazidishe chunusi? Hilo tulijibiwa na nyumba ya bibi.

Tulipofika, bibi alikuwa anapambana na mlango wa jiko. Aliusukuma kwa bega, ukalia, ukafunguka nusu. "Kila masika unagoma," akasema. Ubao ulikuwa umekunywa unyevu ukavimba, hivyo nafasi kati yake na fremu imepotea. Wakati wa kiangazi mlango huo huo hufungwa kwa kidole. Ngozi nayo hunywa maji. Siku za unyevu mwingi, ngozi iliyo kwenye mdomo wa kinyweleo hulowa ikavimba, na mdomo ukabanwa. Mafuta yanaendelea kuja kutoka chini, njia imekuwa nyembamba.

Tena kuna jasho. Mwezi wa pili, kabla mvua hazijaanza, hewa ya Moshi ni kavu na jasho likitoka linakauka, kama nguo kwenye kamba yenye upepo. Mwezi wa nne hewa tayari imejaa maji, haina pa kuweka zaidi. Jasho linabaki usoni, mafuta yanaelea juu yake, vumbi na moshi wa kuni vinanasa humo. Na maji ya hewani si haba kwetu. Moshi mjini hupata mvua kama milimita 900 kwa mwaka, lakini ukipanda kwenye msitu wa upande wa kusini mwa mlima zinapita 2,000, na sehemu kubwa hunyesha katika masika haya.

Nilikuwa nimembebea bibi chupa ya mafuta ya nazi. Nilipoitoa kwangu mjini ilikuwa inamwagika kama maji. Asubuhi, kwenye rafu ya Marangu, ilikuwa imeganda, nyeupe kama mshumaa. Binti akaigeuza juu chini, hakuna kilichotoka. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kutoka Moshi hadi Marangu Mtoni unapanda mita mia kadhaa, hewa inapoa kadiri unavyopanda. Mafuta ya ngozi si ya nazi, mchanganyiko wake ni mwingine, lakini nayo hulegea na kutiririka zaidi kwenye joto. Shule yake iko tambarare, kwenye joto. Akaniuliza mwenyewe, "Kwa hiyo ndiyo maana nikiwa huku kwa bibi huwa nafuu?" Ndiyo maana mwanangu, kwa sehemu.

Mchana tulimenya ndizi za mtori. Mnaojua kazi hiyo mnajua utomvu unavyokamata vidole, na mnajua ndizi mbichi ikikaa nje ya maji dakika chache inageuka rangi. Ilitoka nyeupe, sasa ina weusi. Je, imechafuka? Hapana, imekutana na hewa. Nikamshika pua, nikamwonyesha kwenye kioo vile vidoa vyeusi alivyokuwa anavisugua kwa dodoki. Hivyo ni vizibo vya mafuta na ngozi iliyokufa, na sehemu ya juu, ile inayoguswa na hewa, ndiyo iliyogeuka nyeusi, pamoja na rangi ya asili ya ngozi iliyochanganyika humo. Ungekichomoa kizibo kizima ungekuta chini yake ni njano nyeupe. Dodoki halifiki huko. Linachubua ukingo tu.

Siku ya tatu mvua ilipumzika, babu akachukua jembe kwenda kuangalia mfongo. Kwa msomaji asiye wa Kilimanjaro: mfongo ni mfereji unaochimbwa kutoka kwenye kijito huko juu, ukazungushwa ubavuni mwa mlima, ukashuka hadi kwenye kihamba, yaani shamba la familia, chini ya migomba na kahawa. Mingine ina umri wa karne kadhaa. Wageni wa Ulaya waliofika Uchagga karne ya 19 waliikuta inafanya kazi, wakaistaajabia. Ina zamu zake, wazee wake na faini zake. Siku ya kuusafisha, asiyetokea hujulikana.

Tulikuta majani ya migomba, matope na kijiti kimekingama mahali pembamba. Nyuma yake maji yamejaa, yamekuwa ya kahawia, yanaanza kupenya kwenye ukingo na kulowesha shamba la jirani. Binti akasema, "Babu, piga jembe hapo pembeni, yatoke."

Babu aliweka jembe chini. Akachuchumaa, akaingiza mkono kwenye maji ya baridi, akatoa jani moja. Akatoa la pili. Akakilegeza kijiti taratibu kwa kukizungusha, bila kukivuta. "Nikipiga ukingo," akasema, "maji yatatoka kweli. Yataondoka na udongo, na kesho sina mfongo." Kijiti kikatoka, maji yakashuka yenyewe, kwanza machafu, halafu yakaanza kung'aa. Binti alisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mkono wake ulikuwa umepanda shavuni, juu ya chunusi kubwa, lakini hakuiminya.

Kilichotokea kwenye mfongo ndicho kinachotokea ndani ya ngozi. Kinyweleo kikizibwa, mafuta hujaa nyuma ya kizibo. Humo ndani wanaishi bakteria, jina lao Cutibacterium acnes, ambao wapo kwa kila mtu na siku nyingi hawana neno. Wakipata mafuta mengi mahali pasipo na hewa wanazaliana, kuta za kinyweleo zinavimba, pengine zinapasuka kwa ndani, na askari wa mwili wanakimbilia hapo kupigana. Wekundu, joto, maumivu na usaha ni alama za vita hiyo. Ukiminya kwa kucha, kiasi kidogo kinatoka nje na kilichobaki kinasukumwa chini zaidi. Kwa ngozi zetu nyeusi kuna malipo ya ziada. Jeraha, hata dogo, linaweza kuacha doa jeusi likakaa miezi. Vijana wengi wanaolalamikia chunusi, ukiwatazama vizuri, chunusi zenyewe ni chache. Kinachowatesa ni madoa ya walizozitumbua.

Jumatatu tulishuka Moshi, KCMC. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1971, na tangu 1992 ina kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, ambako wahudumu wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika huja kusomea ngozi. Watu wa Moshi tunapita langoni kila siku, na sijui kama tunatambua utajiri tulionao pale. Hapo hapo ndiko ilikoanza kutengenezwa Kilisun, krimu ya kukinga jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Nao niwakumbushe hapa kwamba mawingu ya masika hayalizuii jua lote. Miale inayounguza ngozi inapenya, na mlimani ina nguvu zaidi kuliko pwani.

Mtaalamu aliyetupokea hakuanza na uso. Aliuliza, "Unapaka nini?" Binti akatoa kikopo. Yule dada akakifungua, akakifunga, akakiweka mezani mbali kidogo. Akasema kitu kisicho na jina hakuna awezaye kukutajia kilichomo, lakini vingi vya aina hiyo huwa na steroidi. Hizo ni dawa za kweli, zina kazi zake zikiandikwa na daktari kwa ugonjwa fulani. Ukizipaka kutibu chunusi zinakudanganya. Wiki ya kwanza uvimbe unashuka, uso unakuwa laini, na kila mtu anakuuliza umefanyaje. Zikiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaanza kuonekana, chunusi zinarudi kwa wingi, na fangasi hupata nafasi ya kutambaa. Ukiacha ghafla baada ya miezi, uso unaweza kuwaka. Aliyetumia muda mrefu asiache peke yake chumbani, aende akaonekane.

Tanzania imekataza vipodozi vyenye steroidi, zebaki na haidrokwinoni. Zamani iliyosimamia ilikuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, na tangu 2019 kazi ya vipodozi iko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Bado mkorogo wa kujichubua unachanganywa majumbani na kuuzwa kwa kijiko. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: msichana au mvulana yeyote anayesoma hapa, krimu ya kikopo bila jina usiiguse, hata anayekupa akiwa rafiki yako wa damu. Rafiki yake binti yetu hakuwa na nia mbaya. Naye alimegewa.

Tulipewa dawa ya benzoili peroksaidi, ya nguvu ndogo, apake kidogo usiku juu ya ngozi kavu, uso mzima wenye chunusi na siyo kwenye kipele kimoja kimoja. Akaambiwa asitarajie lolote la maana kabla ya wiki sita hadi nane. Na akaambiwa jambo lililomwokoa na ugomvi, kwamba dawa hiyo inachujua rangi ya nguo. Foronya za bibi amezitarizi kwa mkono wake. Tukanunua foronya nyeupe mbili.

Mengine yalikuwa ya nyumbani. Sabuni ya mche ikarudi kufulia. Ni kali, ngozi yenyewe ina uchachu kidogo na sabuni ile inauvuruga. Usoni tukatafuta sabuni laini isiyo na manukato makali. Asubuhi mara moja, jioni mara moja, na mara ya tatu akitoka kwenye mpira wa pete ametota jasho, basi. Anatumia ncha za vidole, kwa wepesi ule babu alioutumia kutoa jani. Katikati ya siku uso ukimeta, anabonyeza kitambaa safi cha pamba au karatasi ya shashi na kuendelea na masomo. Limao likarudi kwenye chai, kwa sababu usoni lina ukali wa kuunguza, na jua likilikuta hapo ni hatari zaidi.

Mafuta ya mgando hatukuyatupa. Miguu na viwiko vina haki yake, hasa kwa anayeoga maji ya mlimani. Usoni tukaweka losheni nyepesi, ile iliyoandikwa kwamba haizibi vinyweleo, tone dogo. Bibi hakuridhika. "Atatokaje hivyo, amepauka?" Ilibidi nimshike bibi mkono nimwonyeshe kwamba uso usiong'aa si uso uliopauka. Unaopauka unakuwa kama majivu, unakaza, unawasha. Huu wa mjukuu wake ulikuwa umetulia tu. Mama zangu mnaosomewa haya na watoto, naomba mliangalie hili. Tulikuzwa kuamini mtoto aliyetunzwa lazima ametakata kwa mafuta, na upendo huo tunaupaka hata kwenye uso wa kijana ambao una mafuta yake ya kutosha. Mafuta ya nywele nayo hushuka. Akisukwa likizo, yasipite mstari wa nywele, na usiku afunge kilemba.

Kazi kubwa kuliko zote, nisiwafiche, ilikuwa kukausha. Taulo la masika halikauki. Unaliacha limeanikwa, unalikuta jioni lina uvundo, na hilo ndilo unalofutia uso uliotoka kuosha. Tukakata khanga chakavu vipande vinne, kimoja kwa siku, vinaanikwa jikoni, mbali na moshi, kisha vinapigwa pasi ya mkaa. Foronya hivyo hivyo. Sweta lililolowa kola halivaliwi tena mpaka likauke.

Kuhusu chakula watu watakuambia mengi. Parachichi ulilokula kwa bibi halipandi likatokee usoni. Soda na vitamu vya kila siku, hapo watafiti wameona kuna uhusiano kwa baadhi ya watu, kwa hiyo punguza, nawe uone.

Kaka wa binti, ambaye naye alikuwa pale kwa bibi, hana chunusi hata moja na anamcheka dada yake, alivua shati siku ya mwisho kuoga mtoni. Mgongoni na mabegani alikuwa na mabaka yaliyofifia rangi, yenye unga mwembamba ukiyakwangua. Utangotango. Huo nao unatokana na kiumbe anayeishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu, fangasi anayekula mafuta hayo hayo, na joto likikutana na jasho anastawi. Haumaanishi mtu haogi. Dawa yake ipo na inaponya, ila rangi hurudi polepole, miezi, hata fangasi akishakufa. Kicheko kiliisha, wakaanza kupakana dawa mgongoni.

Mwishoni mwa mwezi wa sita alikuja tena. Mvua zimekwisha, Marangu imeingia kipupwe, ukungu umelala juu ya migomba hadi saa nne asubuhi na watu wanaota moto jikoni. Safari hii sweta lilikuwa na kofia lakini kofia ilikuwa mgongoni. Chunusi mbili kidevuni. Madoa ya zamani bado yapo kwenye mashavu, yameanza kufifia kingo. Mlango wa jiko ukafunguka kwa kidole.

Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akaichukua ile chupa ya nazi, imeganda kama jiwe, akaikumbatia kwa viganja vyote viwili akisubiri ilegee.

"Mamdogo, wiki hii ngozi imeanza kunikauka hapa pembeni mwa mdomo. Baridi tu, sijasugua. Niongeze losheni?"

Nikamsogeza dirishani penye mwanga nikamtazama. Nikamwambia aongeze tone moja, hapo hapo panapokauka, na paji aliache kama lilivyo.